Chipu Mia Tatu kwa Meza Isiyo na Pesa

Poka ikichezwa bila pesa huharibika upesi. Mchezo wenyewe umesimama juu ya hofu ya kupoteza: una karata mbili mkononi ambazo wenzako hawazioni, nyingine tano zinafunuliwa mezani kwa zamu, na kila zikifunuliwa unatakiwa uamue kama utaongeza dau, utalifuata la mwenzako, au utazitupa karata zako. Mwenye karata mbovu anaweza kushinda kwa kuwatia wenzake woga. Sasa iondoe hofu hiyo uone. Kila mtu atafuata kila dau, kila mtu atataka kuiona karata ya mwisho, na usiku haujaenda mbali utamkuta mtu amesukuma vyote alivyonavyo katikati ya meza huku anacheka. Hatishiki mtu, maana hakuna anachopoteza.

Hata hivyo sisi tuliamua kucheza bila pesa, na sababu zilikuwa za wazi. Tulikuwa Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mji wa bandari wenye baridi ndefu. Kiangazi cha 2019 waliingia hapa mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, na mji ukawalaza kwenye ukumbi wa michezo wa Expo. Baadhi yao wakaja kuwa majirani zangu. Sheria ya Marekani humtaka aombaye hifadhi angoje miezi kadhaa kabla ya kupata kibali cha kazi, kwa hiyo pale mezani walikaa watu wenye elimu na ufundi wa miaka mingi ambao hawakuruhusiwa kuchuma hata dola moja. Wengine wetu tulikuwa Waislamu, na kamari kwetu ni haramu. Wengine walikuwa wakituma nyumbani kila walichopata. Kuweka pesa mezani kungekuwa sawa na kuwafungia mlango nusu ya watu tuliowaalika.

Shangazi yangu wa Bagamoyo alipopata habari alinipigia simu. "Mwanangu, ndiyo umefika huko ukaingia kwenye kamari?"

"Hapana shangazi, haiwekwi hata senti. Tunacheza tu, kama bao."

Akanyamaza kidogo. "Kama bao? Mbona bao watu wananuniana wiki nzima!"

Jibu lake lilinikaa kichwani kuliko alivyokusudia. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete zenyewe ni komwe, mbegu za mmea wa porini. Hazinunui kitu. Lakini nimekua nikiona wazee wakifikiri juu ya komwe moja mpaka chai ikapoa, na vijana wakisimama nyuma yao bila kuthubutu kusema neno. Heshima ile haikuletwa na pesa. Ililetwa na ubao uliochongwa vizuri, na kete zilizolainishwa na mikono ya watu wengi, na mlio wake zinapotupwa shimoni, na macho ya watazamaji wanaojua wanachokitazama. Wapo wanaoona kwamba hata karata zisizo na dau hazifai, na msimamo wao nauheshimu. Mimi swali langu lilikuwa jingine: kama komwe inaweza kuubeba mchezo wote, chipu ya poka, kile kisahani kinachohesabia dau, inashindwa na nini?

Zile tulizoanza nazo zilishindwa vibaya. Zilitoka dukani ndani ya sanduku la alumini, plastiki tupu yenye kisahani cha chuma tumboni, gramu 11.5 kila moja. Seti za namna hii zilijaa madukani baada ya 2003, mwaka ambao Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliibuka mshindi kati ya wachezaji 839 waliojitokeza kwenye mashindano makuu ya dunia mjini Las Vegas, akaondoka na dola milioni 2.5, na kila aliyemwona kwenye televisheni akataka kuwa na meza yake nyumbani. Watengenezaji wakawauzia watu uzito wa chuma kana kwamba uzito ndio ubora. Chipu zetu zilikuwa na picha ya dadu, hazina namba, na ukipanga 20 tu huanza kuteleza. Kila usiku mtu aliuliza upya nyekundu ni ngapi na kijani ni ngapi. Kitu ambacho hujui thamani yake, na hakikai hata pale ulipokiweka, huwezi kukionea uchungu.

Aliyetufundisha poka ni jirani yetu, mzee wa Kimarekani, mstaafu wa kiwanda cha karatasi cha Westbrook hapo jirani. Sote tunamwita Mzee, naye ameshazoea. Jumamosi moja alikuja na mfuko wa ngozi uliokakamaa, akaumwaga mezani. Zilikuwa chipu za udongo za baba yake: nyeupe, nyekundu na bluu, kingo zimelika hadi zimekuwa za mviringo, nyingine zina ufa mwembamba kama unywele. Nikaichukua moja. Ilikuwa nyepesi kuliko zetu, lakini ilikaa kidoleni vizuri zaidi, kwa sababu uso wake ulikuwa na ukwaruzo mdogo sana unaoishika ngozi. Nikaigonga kwa nyingine. Mlio wake ulikuwa mfupi, wa chini, usio na mwangwi. Mrundi wetu, dereva wa lori, alichukua nane bila kuambiwa akaanza kuzichanganya kwa mkono mmoja, na akaendelea hivyo mpaka tukamwomba agawe karata.

Kazi yangu ni usanifu wa michoro. Dar es Salaam nilichora lebo za bidhaa, mabango na kadi za harusi. Hapa niko kwenye karakana ya mabango. Kwa hiyo nilipowaambia wenzangu kwamba nitatuchorea chipu zetu wenyewe, hakuna aliyeshangaa. Na mji ulikuwa na historia yake: Portland ndiko kampuni ya Burt ilikokuwa ikitengeneza chipu za udongo kwa miongo mingi, na katika jimbo hilihili la Maine ndiko Chipco ilikoanza na chipu zinazoitwa za seramiki, zile zinazochapwa picha uso mzima hadi ukingoni. Maine haina sifa ya kamari. Lakini kwenye chipu ina mizizi.

Nilianza na hesabu kabla ya kalamu. Watu kumi, kila mmoja aanze na pointi 10,000: chipu nane za 25, nane za 100, nne za 500 na saba za 1,000. Jumla ni chipu 27 kwa kila mchezaji, yaani 270 kwa meza nzima. Nikaongeza kumi za 1,000 na ishirini za 5,000, kwa sababu dau la lazima hupanda kadiri usiku unavyokwenda, na ikifika saa fulani zile za 25 hazina kazi tena, hukusanywa na kubadilishwa kwa kubwa. Zikatimia 300. Nimeona seti nyingi nzuri za kutazama ambazo mwenyewe alianza na picha, akaagiza idadi sawa ya kila rangi, na mwishowe ana chipu kubwa nyingi zisizotoka sandukuni na ndogo zisizotosha kutoa chenji. Idadi ndiyo msingi wa usanifu huu, na haionekani kwenye mchoro wowote.

Kisha nikaja kwenye ukingo, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza mengi.

Chipu ukiishika mkononi unaona uso wake. Chipu ikiwa mezani, ndani ya mnara wa 20, uso hauonekani kabisa isipokuwa wa ile ya juu. Anayekaa upande wa pili wa meza anaona ubavu tu: mistari myembamba ya rangi iliyopangana, kila mmoja milimita tatu na kitu. Kwa hiyo uso ni wa mwenye chipu, ila ukingo ni wa meza nzima. Mpinzani wako ana haki ya kujua una kiasi gani bila kukuuliza, na chipu moja kubwa iliyofichwa katikati ya mnara wa ndogo ni udanganyifu, hata kama aliyeiweka hakukusudia. Kwenye kasino, mabaka ya rangi ukingoni yapo kwa kazi hiyo: mnara ukiwa safi, mabaka yanaonyesha mpangilio mmoja, na chipu ngeni ikiingia jicho linaikamata mara moja, hata kwenye kamera ya darini.

Kwenye chipu ya udongo mabaka hayo hayapakwi. Unga hukandwa na kusukumwa kuwa bapa la rangi ya msingi, likakatwa visahani. Kisha pale ukingoni hutobolewa vipande na mahali pake pakajazwa vipande vya ukubwa uleule vya rangi nyingine. Kisahani hicho kinaingia ndani ya kalibu ya chuma pamoja na lebo ya karatasi iliyofunikwa plastiki, moja juu na moja chini, na mashine inabana kwa joto kali mpaka vyote vinashikana kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana baka huonekana juu, ubavuni na chini. Limepenya chipu nzima, na hata ukingo ukilika miaka hamsini rangi bado ipo. Udongo wenyewe ni sehemu tu ya mchanganyiko, na kila mtengenezaji hufanya siri kanuni yake. Chipu ya udongo mtupu ingevunjika ikianguka mara ya kwanza. Kila baka linaongeza kazi ya mkono, kwa hiyo bei hupanda kadiri mabaka yanavyokuwa mengi na rangi zake zinavyozidi. Utaratibu mzuri ni kuanza na ukingo mtulivu kwenye chipu ndogo na kuupa fahari polepole kadiri thamani inavyopanda, ili jicho lijifunze ngazi bila kufundishwa.

Rangi nilizianza kwa kufuata mazoea ya Marekani. Huku dola 1 huwa nyeupe, 5 nyekundu, 25 kijani, 100 nyeusi, 500 zambarau; jimbo la New Jersey limeziweka hata kwenye kanuni zake. Nikachukua kijani kwa 25, nyeusi kwa 100, zambarau kwa 500, njano kwa 1,000, na kwa kuwa nyekundu ilibaki bila kazi, nikaipa heshima ya 5,000. Kwenye kompyuta zilipendeza sana. Nikazichapa kwenye karatasi ngumu, nikazikata mduara wa milimita 39, nikazimwaga chini ya taa ya jikoni Jumamosi ile na kumwomba kila mmoja azipange kwa thamani bila kusoma namba.

Mwalimu alikuwa wa mwisho. Alifundisha hisabati Bukavu, na mezani kwetu ndiye mchezaji mtulivu kuliko wote. Akazipanga taratibu, akamaliza, akasogea nyuma. Fungu lake la 25 lilikuwa na 5,000 tatu ndani yake.

Hakuna aliyesema kitu. Akatutazama, akaelewa. "Hizi mbili," akasema akionyesha kijani na nyekundu, "kwangu ni ndugu. Tangu utoto. Shuleni nilikuwa nasoma maandishi kwenye penseli za rangi."

Basi miezi yote ile, na zile chipu za dukani zisizo na namba, alikuwa akicheza kwa kukumbuka kila chipu imetoka kwa nani. Tulikuwa tumeudhani ule ukimya wake kuwa hekima ya mchezo. Nusu yake ilikuwa hekima kweli. Nusu ilikuwa mzigo ambao hakuna mwingine aliyeubeba.

Kutotofautisha nyekundu na kijani si jambo la ajabu. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini inakadiriwa ni mmoja kati ya 12. Kwingine ni wachache zaidi, na kwa wanawake ni nadra popote, kwa sababu kasoro hiyo husafiri kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanaume moja tu. Maana yake, katika meza ya wanaume kumi, msanifu hana haki ya kudhani kila jicho ni kama lake. Tangu usiku ule sichori kitu chochote cha rangi bila kukigeuza kwanza kuwa kijivu kwenye programu. Nilipoigeuza ile seti yangu, kijani na nyekundu zilitoka kijivu kimoja, huwezi kuzitenganisha. Chipu ndogo kuliko zote na chipu kubwa kuliko zote.

Nikaanza upya, safari hii Mwalimu amekaa pembeni yangu. Hatukutafuta rangi nzuri. Tulitafuta rangi zinazogombana. Nyeupe ya maziwa kwa 25. Bluu ya anga kwa 100. Njano ya haradali kwa 500. Nyeusi kwa 1,000. Na 5,000 tukaipa wekundu wa tofali, kwa sababu wengine waliililia nyekundu, ila kwa sharti moja: kwake yeye wekundu ule uliingia giza na kuikaribia nyeusi, kwa hiyo mabaka ndiyo yangezitenganisha. Nyeusi ikapata mabaka meupe mapana, nyekundu ikapata ya njano na bluu yaliyokaa pamoja kama mapacha. Ya 25 ina mabaka mawili tu. Akazima taa kubwa, akaacha ile ndogo ya juu ya jiko, akazipanga tena. Hakukosea hata moja.

Uso wa chipu nilikuwa nikiuogopa kuliko ukingo, maana kila mtu alikuwa na maoni. Kilichonisaidia ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na aliyekulia pwani anajua bila kuambiwa kwamba pindo hushika, mji hutawala, na jina husema. Chipu ina mambo hayohayo kwenye mduara mdogo: ukingo, picha ya katikati, na maneno. Kanga mbovu ni ile ambayo mji unagombana na pindo. Kwa hiyo nikaamua kwamba mji wa chipu zetu ni namba, kubwa kadiri lebo ya milimita 22 inavyoruhusu, na kila kingine kinyamaze. Namba "25" ina tarakimu mbili na "5000" ina nne, na ukizilazimisha kwenye upana mmoja, ile kubwa kwa thamani inakuwa ndogo kwa macho. Nikachora tarakimu nyembamba na ndefu kwa zile za elfu, na nene kwa zile za chini, mpaka zikalingana kwa uzito. Ilinichukua muda mrefu kuliko mapambo yote. Nyuma ya namba, kwa mstari hafifu, nikaweka alama za karata: shupaza kwa 25, pau kwa 100, uru kwa 500, kopa kwa 1,000, na zote nne kwa 5,000.

Jina lilileta ubishi wa majuma. Wapo waliotaka jina la mji, wapo waliotaka methali. Methali zetu nzuri ni ndefu, na maneno marefu yakizungushwa kwenye lebo ndogo yanageuka kuwa vumbi. Mwishowe dada mmoja wa Kigoma, msaidizi wa wauguzi, ambaye wakati ule alikuja kutazama tu, akasema: "Andikeni HAKUNA DENI. Si ndivyo mnavyocheza?" Herufi kumi. Zikakaa chini ya namba kama zilizaliwa hapo.

Katika majuma hayo ya ubishi Mzee alinichukua hadi kwa muuza vitu vya kale anayemfahamu, na hapo nikashika chipu ya pembe ya ndovu. Ilikuwa nyembamba kuliko za udongo, rangi yake ya maziwa imeanza kugeuka njano, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona mistari laini ya pembe ikipishana ndani yake. Katikati pamechorwa ua kwa ncha kali, petali moja moja, na mifereji yake imetiwa rangi nyekundu. Nilipita kidole juu yake nikiwa nimefumba macho, na nikalisoma ua lote. Chipu kama hizi zilichongwa Marekani na Ulaya katika karne ya 19, kabla ya udongo kulishika soko kuelekea mwisho wa karne hiyo.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, na nilijua nimeshika nini. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. 1837 akawasili Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, mji ulio mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa ninapoandika. Meli za Salem zilileta kitambaa cha merikani, zikarudi na sandarusi, karafuu na pembe. Baadaye pembe za Zanzibar zikawa zinakwenda zaidi Connecticut, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney vilizikata kuwa vibonye vya piano, vitana na mipira ya biliadi. Waliipenda pembe ya pwani yetu kwa sababu ni laini, hukatika bila kupasuka. Na kabla ya kufika pwani ilikuwa imetembea kutoka Ujiji na Tabora miezi kadhaa juu ya mabega ya watu, Wanyamwezi wa kulipwa na watumwa wasiolipwa, mpaka Bagamoyo kwetu.

Mmoja wetu alikuwa amependekeza tembo kwenye chipu ya 5,000, na nilikuwa nimeshamchora, mzuri, masikio wazi. Niliporudi nyumbani nilimfuta. Sikutaka tembo awe pambo la kitu ambacho mababu zake waliuawa ili kitengenezwe, wala sikutaka kukaa na watu kutoka Kigoma na Kongo, ambako misafara ile ilipita na kuchukua watu, tukisukumiana mnyama huyo kwa mzaha. Wenzangu nikawaeleza, na yule aliyependekeza ndiye aliyekuwa wa kwanza kuafiki. Lakini kwa yule fundi asiyejulikana aliyechora ua nilichukua jambo moja: kidole kisome. Kiwanda tulichotaka kuagizia kina kalibu kadhaa zilizokwisha tengenezwa, na kuchonga mpya ni gharama kubwa, kwa hiyo nikapitia zote nikitafuta yenye duara la alama zilizozama kiasi cha kusikika kwa kidole gumba. Niliyoichagua si ya fahari zaidi kati ya zile walizonazo.

Wenye kibali cha kazi tukachanga. Chipu za namna hii ni zaidi ya dola moja kwa kila moja, na hiyo si pesa ndogo kwa watu wetu. Nilimwambia kila mmoja bei halisi kabla ya kutoa. Mwalimu hakuwa na cha kuchanga wakati ule, na alitaka kujitoa kwenye hesabu. Dereva wa lori akamkatalia kwa sauti: "Wewe umetupa macho. Sisi tumetoa pesa tu."

Zilipofika tulizihesabu sote, trei tatu za mia mia. Kisha tukacheza, na usiku ule ulikuwa tofauti. Sisemi kwamba udongo una uchawi. Tulikuwa tumepanga pia dau la lazima lipande polepole zaidi, na tulikuwa tumebandika karatasi ya msimamo kwenye friji, mshindi wa kila Jumamosi aandikwe. Lakini nilikuwa nikitazama mikono. Watu walizipanga. Walizigusa kabla ya kuamua. Mtu aliyezoea kusukuma kila kitu raundi ya pili alishika minara yake miwili, akaiangalia, akaziacha zile za 1,000 na kutanguliza mia mbili tu. Mwalimu aliinua macho kutoka mezani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akawa anawasoma watu nyuso badala ya kukariri chipu zimetoka kwa nani. Alishinda Jumamosi tatu mfululizo, na kibali chake kilipotoka akaja na sehemu yake ya mchango ndani ya bahasha, tukashindwa kumkatalia.

Sasa tuko kwenye ubishi wa oda ya pili. Wawili kati yetu wamehamia Ohio kufuata kazi, na kila mmoja aliomba aondoke na chipu, jambo lililotuweka njia panda, kwa kuwa seti ikipungua hesabu inaharibika. Mzee anashauri tuagize ishirini za ziada za kuaga watu, na ziwe za 100, si za 5,000, maana za 100 ndizo zinazopita mikononi mwa kila mtu kila usiku. Dereva anataka pia ngazi mpya ya 25,000 ili meza ichukue watu kumi na sita. Dada wa Kigoma, ambaye siku hizi haji kutazama bali kucheza, amekataa katakata: mchezo ukirefuka hivyo yeye zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na nani atamwamsha? Mwalimu anasema ngazi ya sita inawezekana iwapo itapatikana rangi isiyofanana na zilizopo, na haoni ni ipi. Nimechora mapendekezo mawili, moja la waridi iliyopauka na moja la kijivu chenye mabaka meusi. Yatamwagwa chini ya taa Jumamosi, Mwalimu atayapanga, na dereva ameshakubali kwamba yakichanganyika hata mara moja basi 25,000 imekufa.